Tulivyopata walimu wanaokaa kijijini na watoto wanaosoma kweli

Kila nikisikia mtu anasema dawa ya shule za serikali ni kuwabana walimu tu, naumia sana, maana ushauri huo tulipewa na sisi na ulitugharimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku vijijini mkoa wa Morogoro, ni mama, nauza mchele, na tulichofanya pale shuleni najivunia.

Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamefurika, jambo jema kabisa, ila darasa la kwanza lilipita watoto mia moja kwa mwalimu mmoja wakati serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja watoto 45. Walimu wengi walikuwa wanaishi mjini wanakuja na bodaboda, na masika yakianza ile njia ni utelezi mtupu, mwalimu anafika saa tatu viatu kashika mkononi. Sasa mzee mmoja mtumishi mstaafu, tunamheshimu sana, akatuambia wekeni mtu getini na daftari aandike kila mwalimu kafika saa ngapi, halafu msome majina mbele ya kijiji, watanyooka. Nilibisha, nikazidiwa, kamati ikapitisha.

Kijana akakaa chini ya mwembe na daftari lake. Jamani, wiki ya kwanza saa moja na nusu walimu wote wapo! Watu wakashangilia. Ila ukipita madirishani unakuta mwalimu kajiinamia ofisini na watoto wanapiga kelele peke yao, maana kilichoandikwa ni kufika, kufundisha hakuna aliyeandika. Siku ya mkutano majina yakasomwa, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa mwalimu mjamzito wa darasa la pili, yule yule ambaye watoto walikuwa wanampenda kuliko wote. Alilia pale pale mbele ya watu. Muhula haujaisha akahama. Mwalimu wetu wa hesabu naye akaanza kutafuta wa kubadilishana naye kituo. Yaani daftari lilijaa vizuri, darasa likabaki tupu. Nikamwendea mzee nikamwambia shikamoo baba, naomba lile daftari tulifunge, na kwa kweli hakukataa.

Ndipo nikakumbuka kazi niliyojitolea 2011, ile ya Uwezo ya kupita nyumba kwa nyumba kupima watoto kusoma silabi, neno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Nikamwomba mwalimu wa taaluma kurasa chache za kitabu cha la pili, tukaenda nazo mkutano mkuu wa kijiji, hotuba hakuna. Kila mzazi akae pembeni na mtoto wake mwenyewe wa la tatu mpaka la tano, amsikilize. Usimsimamishe mtoto mbele ya umati hata siku moja, utamuua moyo. Na mzazi asiyejua kusoma naye anasikia, mtoto akisoma kama anaongea unajua, akikwama unajua.

Baba mmoja alikuja kwangu anacheka kwa furaha, mwanangu wa la nne anasoma bila kusita! Nikasogea nikamwambia funika picha kwa kiganja. Akafunika. Mtoto akanyamaza. Neno lilikuwa "mkulima", yeye alikuwa anasema "mbuzi" kwa sababu mbuzi ndiye aliyechorwa. Yule baba hakusema neno, alikaa chini kwenye mkeka akaanza naye silabi moja moja, na wazazi wengine wakawa wanafunika picha na wao, kimya kikaingia mkutano mzima. Kama una mtoto nyumbani jaribu hilo leo leo.

Baada ya hapo nilimwomba mwalimu mkuu aseme anachohitaji, asijitetee. Akasema mawili tu: nyumba ya walimu kukaa hapa hapa, na msaada darasa la kwanza. Ruzuku ya 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo sehemu yake inaenda kwenye vitabu, haijengi nyumba hiyo. Kulikuwa na jengo bovu la kijiji lililokuwa ghala. Vitongoji vikagawana mchanga, maji na mafundi; bati na misumari vikala kama laki saba na kitu, choo kikatuchelewesha kuliko kitu chochote. Hela haikupita mkononi mwa mwalimu hata mmoja, tangu Rais Magufuli apige marufuku michango Januari 2018 walimu wanaiogopa na wana haki, ilipita kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiari, kwa risiti, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani. Mwalimu wa hesabu akahamia na familia yake, suala la kubadilishana kituo likafa.

Ubishi mkubwa ukawa huyo huyo mwalimu afundishe wapi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwenyekiti, nikimtoa darasa la saba matokeo yakishuka wilayani nitajibu nini?" Nikamwambia mwalimu wangu, hao wa la saba walioharibika waliharibikia la kwanza. Tukakubaliana asubuhi awe la kwanza, baadaye la saba. Aisee yule mwalimu anajua! Hataji majina ya herufi, anafundisha sauti, mmm, sss, kisha vizibo vya soda vimeandikwa silabi, watoto wanapanga sakafuni ma-ma, ka-ka, so-ma. Kwenye vikao vyao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, akawaonyesha wenzake, sasa mwalimu wa la pili naye ana vizibo vyake, na mimi ndiye ninayewakusanyia sokoni.

Kila muhula tunarudia siku ya kusikiliza watoto. Wengi wa la pili sasa wanasoma aya nzima picha ikiwa imefunikwa, na walimu wenyewe ndio wanaotukumbusha tarehe. Nyumba ya pili imefika kwenye lenta, tunatafuta bati, na yule mzee mstaafu ndiye anayesimamia mafundi.