Pareto yangu ya Isevya

Mwaka 2013 nilikuwa napiga kibarua Mbeya, nimepanga Uyole na jamaa mmoja ambaye kwao ni Umalila, milimani huko huko Mbeya. Wikendi moja akanibeba twende kwao, nikakuta shamba la pareto, ule mmea wa maua ya dawa ya wadudu, liko kwenye maua, jeupe lote na vitovu vya njano, mama yake na wadogo zake wanachuma vichwa vya maua bila vikonyo wanatupia kapuni. Saa nne asubuhi mi bado niko ndani ya koti. Yule mama akaniambia hii ukishapanda umepanda, inakaa miaka mitatu na zaidi, kazi yako ni kupalilia na kila baada ya wiki mbili tatu unachuma, unaanika, unapeleka kwenye mzani. Hapo hapo kichwani nikaanza kupiga hesabu za hela.

Nikamwomba mbegu nikajaribu kwetu Tabora. Akaniangalia. "Tabora kuna baridi, baba?"

Ipo mama, Juni tunajifunika blanketi kabisa.

Akacheka, ila akang'oa mashina kadhaa ya zamani akayapasuapasua, kila kipande na mizizi yake, nikapata kama 30 hivi. Nikayafunga kwenye gunia bichi nikapanda basi la njia ya Chunya na Rungwa, enzi hizo vumbi mwanzo mwisho, kila tukisimama nashuka na chupa ya maji kumwagia gunia, abiria wenzangu wakajua nimebeba samaki.

Nyumbani Isevya mama akaambiwa tuta lake la mchicha limepata mwenyewe mpya. Alinuna siku mbili. Mi nikamwelezea kwamba sumu ya wadudu iko kwenye vile vimbegu chini ya unjano wa ua, viwanda vinaikamua vinatengeneza dawa, hata koili za mbu zilianza kwa unga wa pareto huo huo, mama tutatoka. Mtaa mzima ukapata habari maana mdomo nilikuwa nao.

Akaja mzee jirani, ana mizinga yake porini huko njia ya Sikonge. Tukasalimiana kwa kilugha, mwangaluka, mwangaluka, akachungulia tuta, akauliza taratibu, "Mwanangu, unasema hii inaua wadudu. Nyuki kwani ni nini?" Sikuwa na jibu. Na ukweli dawa ya pareto haichagui, ikimpata nyuki anakufa vilevile kama inzi. Nikajifanya naenda kuchota maji.

Sasa majani yakatoka, acha kabisa, ya kijivukijivu yamechanikachanika kama ya karoti, tuta likajaa nikawa napiga picha. Ua hata moja. Mwezi wa tatu tangu nipande, wa nne, naongeza samadi, yanazidi kunenepa tu. Nikamtafuta bwana shamba mmoja, akaniuliza kwenu mita ngapi kutoka usawa wa bahari, mi ntajuaje. Kumbe Tabora ni kama 1200 na pareto inataka kuanzia 1700 hivi kupanda, maana bila usiku wa baridi kwa wiki kadhaa mfululizo mmea hautengenezi vitumba, unabaki kula samadi yako na kuota majani. Yule mama wa Umalila alimaliza yote kwa swali moja, mi nikamjibu habari za blanketi!

Ila Julai ikaja na kale kabaridi ketu ka alfajiri, yakatoka maua matatu. Matatu, kwenye mashina 30. Nikamwita mzee jirani aje aone, akayahesabu kwa kidole, akasema hapo nyuki wake wako salama.

Masika yaliyofuata maji yalisimama kwenye tuta mizizi ikaoza karibu yote, mchicha ukarudi kwake. Yale maua matatu mama alikuwa ameyakausha ndani kivulini, akayasaga kwenye kinu, akaunyunyiza ule unga kwenye kiota cha kuku aliyekuwa anaatamia maana utitiri ulikuwa unamtesa. Mpaka leo anasema ulipungua. Mi nilichungulia kile kiota siku ya pili, nikarudi ndani najikuna mpaka kwapani, na sijawahi kumwambia.