Simu iko baharini, ombi liko mtandaoni

Leo nimemsaidia ami yangu hapa Amu (mji wa Lamu) kuomba cheti cha kuzaliwa mtandaoni. Tulijaza kila kitu vizuri hadi kwenye namba ya siri inayotumwa kwa simu. Laini iliyosajiliwa anayo mwanawe, naye alikuwa ameenda kuvua. Ami kakaa na kitambulisho mkononi, akaniuliza, "Sasa wanitaka mimi au waitaka simu?" Tukangoja mashua irudi.

Nikawaza jinsi serikali zinavyopimwa. Umoja wa Mataifa, kila baada ya miaka 2, huzipa nchi 193 alama kati ya 0 na 1 kwa kuangalia huduma zilizopo mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na elimu ya watu. Kazi hiyo naiheshimu sana, maana bila kipimo hakuna wa kuulizwa. Lakini alama ni ya nchi nzima: Kizingitini ya visiwani huku na Nairobi, chungu kimoja. Siku hizi wanapima na miji pia, lakini ni ule mmoja tu wenye watu wengi zaidi katika kila nchi, na kwetu ndio huo huo Nairobi.

Wapimaji wanakagua tovuti. Mimi nataka tuhesabu pia walioanza ombi na waliolimaliza wenyewe bila kushikwa mkono, wazee na kina mama wahesabiwe mbali. Mfumo wa maombi unaweza kutengenezwa uonyeshe watu wanaachia wapi.

Mlioko Faza, Siyu na Pate, nyie mnakwama hatua gani? Niambieni, nataka majibu yenu niyapeleke kwenye kikao kijacho cha wananchi na kaunti.