Nilivyomwambia baba ninachoamini

Nimekulia Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na baba yangu ni mzee wa kanisa la Kipentekoste. Nyumbani kwetu siasa ilikuwa mambo ya dunia. Ukitaja maovu ya viongozi, baba anakufungulia Warumi 13: mamlaka yametoka kwa Mungu, uwaombee na unyamaze. Nilinyamaza mpaka nikafika miaka 27, ingawa moyoni nilishaacha kukubali.

Kilichonisumbua ni Nyawera. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kazini, pale alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kupaza sauti akiwatetea raia na wakimbizi. Aliyemrithi, Emmanuel Kataliko, alikemea uporaji wa nchi katika barua yake ya Noeli ya 1999. Februari 2000 waasi waliotawala mji wakamzuia kurudi, akakaa Butembo miezi mingi. Wote wawili Wakatoliki, na sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba Wakatoliki Biblia hawaijui! Sasa nani aliyeijua, wao au sisi tuliofunga milango tukiimba?

Nikanunua daftari. Kila jioni naandika jambo moja ninaloliamini, na chini yake nani alinipa jambo hilo, na kama ningelishika hata baba asingelisema. Mungu alibaki. Maombi yalibaki, tena kwa nguvu kuliko nilivyotazamia. "Mkristo hafanyi siasa" nikaikata kwa kalamu, na pembeni nikanakili kifungu cha 64 cha Katiba yetu ya 2006, kinachompa kila Mkongomani wajibu wa kumpinga anayetwaa utawala kwa nguvu.

Kumwambia baba kulinichukua miezi. Sikutaka iwe Jumapili, wala mbele ya wageni. Usiku mmoja umeme ulikatika, tumeshamaliza bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, tumebaki wawili.

"Baba, ninaomba kama ulivyonifundisha. Lakini nikiona mkubwa anaonea watu, nitasema."

Akanyamaza kitambo. "Na Warumi?"

"Paulo aliyeiandika, baba, wakubwa walimfunga."

Nilidhani atakasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini tu: "Na wewe wakikufunga, mama yako mwenye magoti mabovu ndiye atakayepanda na sahani ya chakula mpaka gerezani kila siku?"

Swali hilo nimeliandika kwenye daftari. Chini yake bado ni peupe.