Nyota za Burkitt hazienei kwenye picha moja

Jana usiku mvua inapiga mabati huku Kampala, mi niko macho kwenye kompyuta, na hatimaye ikatoka. Picha 120 nilizopiga moja moja kwenye maikroskopu zimekua picha moja, na nyota zinaonekana. Usingizi umekataa kwa furaha, acha niandike.

Nyota nazosema ni hizi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekua anafanya kazi hapa hapa hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, ule ambao leo dunia nzima wanauita limfoma ya Burkitt. Ukikata kipande chembamba cha uvimbe huo ukakitia rangi, seli za saratani zinatoka zambarau nzito zimejazana kama giza la usiku, alafu humo katikati kuna madoa meupe meupe, ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza seli zilizokufa. Ndo maana madaktari wanasema ni anga lenye nyota. Sasa ukitumia lensi ndogo anga unaliona ila seli huzioni vizuri, ukiweka lensi ya kukuza mara 40 unaona mpaka ndani ya kiini lakini anga limepotea, umebaki na nyota mbili tatu. Mi nilitaka vyote viwili kwa pamoja ili wanafunzi wetu waone, na mashine ya kuskani slaidi nzima, yaani kile kioo chenye kipande cha tishu, bei yake maabara yetu haiwezi.

Basi ni mkono. Slaidi ya kufundishia, kipande cha kama milimita 3 kwa 2, unapiga picha, unasogeza slaidi kidogo, unapiga, unasogeza, picha 12 kwenda kulia, unashuka, mistari 10. Na kila unaposogeza lazima ubakishe sehemu ya picha iliyopita, hapo ndo kazi yote ilipo. Fundi wa paa anajua, mabati lazima yalaliane, ukiyakutanisha ncha kwa ncha maji yanaingia. Mi sasa nabakisha asilimia 20. Raundi ya kwanza nilibana nikabakisha kama 5 ili nimalize haraka, na mkono wa mtu sio mota, kuna mahali picha hazikugusana kabisa, ukatoka ufa mweusi katikati ya tishu. Siku nzima imeenda hivyo.

Raundi ya pili mwanga. Niliacha kamera ijipimie mwanga yenyewe, kwa hiyo penye seli nyingi ikang'arisha, penye kioo ikafifisha, matokeo yake ubao wa drafti. Funga kila kitu kabla hujaanza jamani, mwanga, rangi, vyote. Alafu piga picha moja ya kioo kitupu, kwa sababu katikati huwa panang'aa kuliko pembeni, na hiyo ndo unatumia kusawazisha zile zingine zote.

Kuunganisha natumia programu inaitwa Fiji, ni bure kabisa, na kile kifaa chake cha kuunganisha ni kazi ya kina Preibisch, Saalfeld na Tomancak ya mwaka 2009. Inachukua picha mbili jirani, inazipitisha kwenye hesabu za Fourier, zile zinazoivunja picha kuwa mawimbi, inapata moja imesogea kiasi gani kutoka kwa mwenzake. Nilichokipenda zaidi ni kwamba haishikizi ya pili kwa ya kwanza na ya tatu kwa ya pili basi, maana ukikosea pikseli 2 kila mara, ukifika ya 12 umeshapotea zaidi ya 20. Inalinganisha kila picha na majirani zake wote alafu inazipanga zote kwa pamoja. Penye kioo kitupu tu ndo inahangaika, haina cha kushika.

Na kitu kimoja nakiomba sana kwa yeyote atakayehesabu seli. Programu inachanganya picha mbili pale zinapolaliana ili mshono usionekane, inapendeza, lakini kama zimekaa vibaya kidogo tu kiini kimoja kinatokea mara mbili na wewe unahesabu seli mbili. Kwanza iambie isichanganye, pita kila mshono kwa macho, ndo uchanganye. Na zile picha 120 usizifute!

Faili imefika zaidi ya giga 1, karibu pikseli milioni 400, laptopu yangu ilikua moto kama sufuria. Asubuhi nimempelekea mzee wetu wa maabara. Akaangalia anga lote, akaanza kuvuta karibu, karibu, mpaka makrofaji moja na uchafu ilioumeza ndani yake.

"Banange," akasema. "Rudisha nyuma mwanangu, nione tena."

Wiki ijayo tunaanza slaidi ya pili, na ameshasema yeye ndo atasogeza, mi nipige.