Nimeirudia Revenge of the Sith

Jana usiku nimeirudia Revenge of the Sith ya 2005 na mdogo wangu. Zamani nilikuwa kati ya tulioziponda filamu zile tatu za Star Wars, kuanzia The Phantom Menace ya 1999. Jana, Anakin, mhusika mkuu, alipokuwa anaungua pale Mustafar, sayari ya volkano, dogo alikumbatia mto wa kochi, hapepesi macho. Kwake hii ndiyo Star Wars yenyewe.

Kinachoniuma ni Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar Binks, yule kiumbe mchekeshaji wa filamu hizo. Alishambuliwa kwa maneno na mashabiki mpaka akafikiria kujiua. Alilieleza mwenyewe mwaka 2018. Alipotokea tena 2023 kwenye The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, safari hii akiwa Jedi, yaani shujaa wa upanga wa mwanga, anayemwokoa mtoto Grogu, mashabiki walishangilia. Nami nilishangilia, machozi yakinilengalenga.