Mahindi mapengo
Jamani, mahindi yangu huku Kilosa yamesimama vizuri, kijani kibichi, kila mpita njia anasifia. Sasa menya hindi uone: punje mbili hapa, tatu kule, kwingine gunzi tupu. Mvua ilikatika yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye chavua. Kila uzi wa ndevu unahudumia punje moja; usipopata chavua, punje hiyo huioni. Mmea ukiwa na kiu, ndevu huchelewa kutoka, na chavua kule juu humwagika kwa takriban wiki moja tu. Joto likipita nyuzi 35, nayo hufa upesi. Mbolea nilitia, tena ya kutosha, ila mbolea haichavushi. Mtama wa jirani umejaa mpaka ndege wanagombana! Msimu ujao napanda mbegu za muda mfupi na za kati, zisichanue pamoja.