Hufungua bajeti ya mradi

"Hufungua bajeti ya mradi." Hayo ndiyo maelezo yote niliyokabidhiwa kuhusu zana moja ya programu yetu, na kitu pekee ambacho zana hiyo ilitaka kupewa ni namba ya mradi. Ilikuwa mwaka 2025, ofisini kwetu Arusha, na kazi yangu ilikuwa kuandika miongozo ya programu ya kusimamia gharama za ujenzi. Wasomaji wangu wa siku zote walikuwa wakandarasi wadogo, wahasibu wa saiti na wakadiriaji majenzi. Mwaka huo akaongezeka msomaji wa aina nyingine: wakala wa akili mnemba, yaani mfumo unaotenda kazi wenyewe kwa ombi la mtu. Anazifikia zana za programu kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na programu nyingine, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024. Wakala haoni skrini wala kitufe chekundu. Anapewa jina la zana, maelezo yake na vitu inavyohitaji, basi. Kilichoandikwa pale ndicho anachokijua.

Zana nyingi za wiki ile hazikuwa na shida. Kuorodhesha miradi, kusoma hati ya malipo, kutafuta bei ya mzabuni: unaandika sentensi mbili unaendelea. Hii ya kufungua bajeti ilinikwamisha, nikaamua kwenda Njiro kumwona Mzee. Ni mkadiriaji majenzi wa siku nyingi, na wakati ule alikuwa akisimamia gharama za hosteli ya ghorofa tatu kwa kutumia programu yetu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kuhesabu tofali?"

Nikamuuliza: bajeti ikishafungwa ili takwimu zake zisihaririwe, nani ana ruhusa ya kuifungua? Hakunijibu moja kwa moja. Alivuta kompyuta yake juu ya meza iliyojaa vumbi la saruji, akanionyesha. Walipochimba msingi walikuta udongo mbovu, wakalazimika kushuka chini zaidi. Nondo zikaongezeka, zege likaongezeka, na fedha zikatolewa kwenye mafungu ya vigae na rangi. Kila uhamisho ulikuwa na tarehe yake, kiasi, fungu lilikotoka, fungu lilikokwenda na sababu.

"Ikifungwa maana yake mwenye jengo amekubali, msanifu amekubali, na mimi nimekubali," alisema. "Kuanzia hapo hela haifutwi, inahamishwa, na ikihama inaacha maandishi. Siku mwenye jengo akiniuliza vigae vyake vya bei vimeenda wapi, namfungulia hapa. Mimi sibishani na mtu kwa kumbukumbu ya kichwa."

Sasa, katika programu yetu, kufungua bajeti kulirudisha takwimu za mwanzo na kufuta uhamisho wote. Mtu akibonyeza kitufe, dirisha linamjia kumwambia idadi ya uhamisho utakaopotea na kumuuliza kama ana uhakika. Zana ya wakala haikuwa na dirisha. Iliitwa, ikafuta, ikajibu kwamba imefanikiwa.

Niliporudi ofisini tulitengeneza mradi wa majaribio, tukaujaza uhamisho wa kubuni, tukaifunga bajeti. Kisha nikamwandikia wakala ombi ambalo mhasibu yeyote angeliandika asubuhi yenye haraka: bei ya saruji imepanda, rekebisha fungu la saruji. Akajaribu kuhariri, akakataliwa. Akapitia orodha ya zana, akafungua bajeti, akabadilisha namba, akaifunga tena. Halafu akaleta taarifa fupi yenye adabu: fungu la saruji limerekebishwa. Hakudanganya hata neno moja. Tukaenda kwenye ukurasa wa uhamisho, tukaukuta mtupu.

Mwandishi wa programu aliyekaa kando yangu, kijana mwerevu sana, hakushtuka. "Lakini kaka, tumeshaiwekea alama kwamba ni zana haribifu." Ni kweli itifaki ina alama hiyo. Ila itifaki hiyo hiyo inasema alama hizi ni dokezo tu, na zana isiyo ya kusoma tu, ikikaa bila alama yoyote, tayari inachukuliwa kuwa huenda ni haribifu. Kwa hiyo alama yetu ilikuwa inarudia kile ambacho ukimya ungesema. Nini kinaharibika, cha nani, na kinarudi au hakirudi, haikusema.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa ujumbe wa kukataliwa. Ulisomeka: "Bajeti imefungwa. Ifungue ili uhariri." Uliandikwa zamani kwa ajili ya binadamu, ambaye angekwenda kukutana na lile dirisha. Kwa wakala ulikuwa agizo. Ni mlinzi wa geti anayekukatalia kuingia, kisha anakuonyesha ua ulipotoboka! Nadhani tungeandika maelezo mazuri kiasi gani na kuuacha ujumbe ule, tusingefika mbali. Nikauandika upya: "Bajeti imefungwa. Kubadilisha kiasi cha fungu, tumia zana ya kuhamisha fedha."

Maelezo ya zana yenyewe yalianza na hasara: "Hufuta kabisa uhamisho wote wa fedha uliofanywa tangu bajeti ifungwe, pamoja na sababu zake. Hakuna njia ya kuurejesha. Usiitumie kurekebisha fungu moja. Kabla ya kuiita, mwonyeshe mtumiaji idadi ya uhamisho utakaofutwa na usubiri akubali."

Maneno matupu hayatoshi, hilo sikuhitaji kubishana na mtu. Wakala anaweza kusoma onyo na bado akapita. Kijana akakubali kuificha zana kwa yeyote asiye na ruhusa ya kufunga bajeti, na akaifanya ikatae kazi mpaka ipewe idadi kamili ya uhamisho unaokwenda kufutwa. Hapo alitumia siku yake nzima, akinung'unika.

Jaribio la pili tulilifanya Mzee akiwepo, kwenye nakala ya mradi wake. Ombi lilikuwa lile lile la saruji. Wakala alikataliwa, akasoma, akasimama, akapendekeza kuchota kwenye fungu la dharura. Mzee akaliangalia pendekezo, akacheka. "Dharura unaigusa kwa saruji? Huyu hajawahi kujenga." Akalikataa, akahamisha kutoka kwenye uzio, akaandika sababu kwa mkono wake.